Karatasi za Huruma

Mwololo Kitavi hakuwahi kujua kuketi. Kanisani, mhubiri anapofika penye utamu, yeye hutoka nje kuangalia kama geti limefungwa. Chai huinywa wima. Marehemu mkewe alizoea kusema kwamba mume wake alizaliwa siku ya kuhama, mama mtu akifunga mizigo kwa mkono mmoja na kumpokea mtoto kwa mwingine. Miguu hiyo isiyotulia ndiyo iliyomtoa Mwala akiwa na miaka kumi na tisa, ikamleta Nairobi kufagia vumbi la mbao katika karakana ya samani. Ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa chumbani kwake Ngara kila asubuhi, sasa akiwa na miaka sitini na mitatu, ikampandisha kilima cha Makumbusho, ikamvusha Westlands, ikamfikisha Spring Valley kwenye chuo cha watoto wa wenye nazo. Alikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nauli haikuwa shida. Shida ilikuwa kukaa garini akingoja watu wengine waamue saa ya kuondoka.

Pale chuoni alikuwa fundi wa karakana. Shule aliiachia darasa la nne, yaliyobaki aliyaokota. Aliokota magazeti yaliyofungiwa misumari, akayanyoosha, akayasoma. Alinunua vitabu vilivyotandazwa kwenye magunia kando ya barabara ya Tom Mboya, enzi zile muuza vitabu alikuwa amevisoma mwenyewe na angekukataza kununua kibovu. Kimoja kilikuwa kamusi ya Kiswahili isiyo na jalada, iliyonyofoka herufi yote ya A. Mwololo aliisoma kuanzia B hadi mwisho, mara tatu. Maneno ya A ilimbidi ajifunze kwa watu.

Kwa hiyo alikuwa msomi wa aina yake, na alijua hivyo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Aliyeuhitaji usomi huo alikuwa mwalimu aitwaye Debra Waceke, mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyesomea ng'ambo. Kwao ni Kitisuru, na babu yake alikuwepo pale tangu kulipokuwa na mibuni badala ya kuta. Debra alifundisha vijana jinsi ya kuyakabili matatizo makubwa ya jamii, yale yasiyo na mwenyewe wala mwisho: mafuriko, taka, njaa ya mjini, watu kukosa pa kulala.

"Tatizo la namna hii ni kama uzi uliojifunga," aliwaambia. "Ukivuta kwa nguvu unakaza fundo. Lazima kwanza ujue fundo liko wapi, na anayelijua ni yule linalomkaba."

Somo lake lilikuwa na hatua tano. Kwanza nenda kwa wenye shida uyajue maumivu yao kana kwamba ni yako. Pili, ipe shida jina lake la kweli. Tatu, mwaga mawazo, mengi, hata ya kipuuzi. Nne, tengeneza mfano wa haraka, wa makaratasi na gundi. Tano, upeleke kwa wenyewe uwaache wauvunje. Mwololo aliipenda hatua ya nne kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono yake, na ya tano kwa sababu alipenda kuona vijana wa viatu vyeupe wakivunjiwa. Kilichomkera ni kuambiwa kwamba njia hiyo ililetwa kutoka ng'ambo. Mama yake, kule Mwala, alikuwa na mwethya wake, wanawake kumi na wanne waliolimiana mashamba kwa zamu na kuchimba mitaro ili mvua isibebe udongo. Hakuna aliyebandika hatua ya kwanza ukutani. Ukitaka kujua shamba la jirani lina mawe, ulienda ukalilima. Leo mwethya umebaki jina la grupu ya simu ya kuchangishana harusi.

Muhula huo Debra aliamua kwamba tatizo litakuwa taka za masokoni, na soko litakuwa lile la mabati pale Ngara, nyuma ya maduka ya jumla. Mwololo alilijua kama kiganja chake. Mdogo wake, Wavinya, alikuwa na kibanda pale kando ya mlango, akiuza ndengu na mbaazi kutoka nyumbani. Alikipata miaka kumi na minane iliyopita, na kibanda hicho kilikuwa kimesomesha watoto wawili na kumzika mume.

"Mzee Mwololo," Debra akamwambia, "nisaidie kuandika fomu kwa Kiswahili. Kiswahili changu ni cha dukani. Hatua ya kwanza tutaiitaje?"

Mwololo aliibeba kazi hiyo siku mbili kama mtu aliyepewa yai la kunguru. Alipekua kamusi yake. "Uelewa" aliuona mwembamba, kama chai ya hotelini. "Hisani" aliiona ya tajiri. Mwishowe akaliona neno lililokuwa na mwili, neno la dini na la moyo, akaliandika kwa herufi kubwa juu ya kila karatasi: HURUMA. Chini yake: Nambari ya kibanda. Chini yake: Tatizo kubwa. Karatasi zenyewe zilikuwa ndogo, za kunata, rangi ya pinki, ukubwa wa kiganja.

"Safi sana, Mzee," alisema Debra.

Katika kamusi ya Mwololo hakukuwa na mitaa ya Nairobi.

Jumanne wanafunzi kumi na wawili waliingia sokoni na karatasi zao. Mwololo alikuwa mbele, akipiga hatua ndefu, akionyesha huku na kule. Walisalimu kwa "sasa" na "mambo", wakauliza, wakaandika, wakabandika. Vibanda arobaini na saba vikapata karatasi. Walipofika kwa Wavinya, ambaye alikuwa ameenda kupokea magunia yake kituoni, msichana mmoja aliyeitwa Maureen aliinua mkono abandike.

"Hapo ruka," Mwololo akasema. "Ni kwa dada yangu. Sitaki mtu aseme napendelea wangu."

Maureen akaruka. Wakati wa kuondoka, vijana wakaaga kwa furaha: "Asanteni! Tutarudi Ijumaa!"

Alasiri, Mwololo aliporudi kutoka Spring Valley, alisikia nyundo tangu kwenye kona. Mzee wa viatu alikuwa anang'oa mabati ya kibanda chake moja baada ya jingine na kuyapanga kwenye mkokoteni. Akina mama walikuwa wamesimama makundi makundi, simu mkononi. Katikati alikuwa Njambi, muuza viazi, mwenyekiti wa soko, ambaye kila mtu alimwita Mama Mbugua. Alikuwa ameshika karatasi ya pinki kwa ncha mbili za vidole, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Mwololo! Kuja hapa. Hii ni nini mmetubandikia?"

"Hiyo ni huruma, Mama Mbugua."

Mzee wa viatu akasimamisha nyundo.

"Mmesikia?" Njambi akageuka kwa watu. "Amekubali mwenyewe. Tunapelekwa Huruma!"

"Si huo mtaa wa Huruma! Hii si mahali. Hii ni ya moyoni."

"Ya moyoni! Na namba ya kibanda iko moyoni pia?"

"Huruma upande gani?" mwanamke mmoja alilia. "Kule nani atanunua kwangu? Kule wako na soko yao!"

"Na wamesema Ijumaa," akadakia muuza vitunguu. "Mimi nilisikia na hii masikio yangu. Tutarudi Ijumaa."

Mwololo alijaribu kueleza. Alieleza hatua ya kwanza, akaeleza fundo na uzi, akaeleza kamusi. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mtu anayeficha kitu. Watu wa Nairobi wameona alama nyingi. Wameona X nyekundu zikipakwa kwenye kuta, na baada ya X wameona tingatinga, na kabla ya tingatinga daima alitangulia kijana mwenye kalamu na tabasamu. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Walisoma kilichoandikwa.

Kisha Njambi akauliza swali la pili, na la pili ndilo lililouma.

"Na hii kibanda ya Wavinya je? Sisi wote tumewekwa namba. Mbona yake iko safi?"

Macho yote yakaenda kwenye kibanda cha ndengu. Wavinya alikuwa ameshafika, amesimama kati ya magunia yake mawili, kamba ingali mkononi. Mwololo angeweza kusema walisahau. Angeweza kusema Wavinya hakuwepo. Lakini alikuwa mtu aliyejifundisha ukweli kwa shida na hakujua kuuficha.

"Nilisema waruke," alijibu, "kwa sababu ni dada yangu."

Ulimi uliponza kichwa. Kelele iliyopanda pale ilisikika hadi barabara kuu.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Njambi akapasua sauti. "Alijua! Akaficha wake, sisi akatuuza! Sasa sikizeni. Ijumaa jioni kamati inakaa. Kama kuna mtu alijua tunahamishwa na akanyamaza, wa kwanza kutoka hapa ni yeye. Kuna watu ishirini wanangojea nafasi ya mlangoni."

Wavinya hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la mbaazi. Mwololo alipomwendea alimtazama kana kwamba anatazama mtu wa mbali anayekuja na bado hajamtambua.

"Baba Syokimau," alimwita, jina la binti yake wa kwanza, kama alivyomwita siku zote, "wewe umesoma. Mimi sina shule. Lakini Huruma naijua. Kavutha wa shangazi si anaishi huko? Neno moja tu. Ungeniuliza neno moja tu."

Alijua neno moja lililomfaa, lakini lilianza na A. Aibu.

Jumatano alifika Spring Valley mapema kuliko walinzi. Alimkuta Debra akipanga karatasi za rangi ukutani, akamsimulia yote bila kupumzika, akitembea toka dirishani hadi mlangoni. Debra alisikiliza, na katikati ya masimulizi macho yake yakaanza kung'aa.

"Mzee, lakini hii ni nzuri sana! Unaona? Hapa ndipo tunajifunza. Wanafunzi lazima wasikie hii. Kosa lenyewe ni habari."

"Mwalimu," Mwololo alisema, akasimama, "dada yangu anatolewa kibandani Ijumaa jioni."

Mng'ao ukazimika. Tumpe haki yake: Debra hakutafuta maneno. Aliketi papo hapo akaandika barua, akaipiga muhuri wa chuo, akaikunja. Ilieleza vizuri kwamba hakuna mtu anayehamishwa. Mwololo aliibeba mbiombio hadi Ngara, jua likimchoma kisogoni, akampa Njambi.

Njambi aliigeuza mbele na nyuma. Alipouona muhuri alicheka, akawaita wenzake waje waone.

"Muhuri! Hata barua ya kubomoa huja na muhuri. Kwani hujui hii mji?"

Alhamisi Mwololo hakwenda kazini. Alizunguka soko kama nzi wa chupani. Kila alipopita, mazungumzo yalikatika. Mzee wa viatu alikuwa ameondoka kabisa, na mahali pake palibaki mraba mweupe wa saruji. Wavinya aliuza kikombe kimoja cha ndengu tangu asubuhi. Wateja walikuwa wameambiwa. Saa tisa Njambi, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye viazi vyake, akamwita. Safari hii alikuwa na sauti ya chini.

"Unajua shida yako, Mwololo?"

"Niambie, Mama Mbugua."

"Hukai. Miaka thelathini nakuona ukipita hapa. Habari ya asubuhi, umepita. Habari ya jioni, umepita. Siku moja umekuja kutuuliza shida yetu, umeuliza umesimama, umepita. Dada yako hata kiti yake hujawahi kukalia." Akakwaruza udongo kwenye kiazi kwa ukucha. "Kesho ukuje saa kumi na mbili asubuhi. Ulete na hao watoto wako, na huyo mwalimu. Mkae. Kila mtu kibanda yake, mpaka saa kumi na mbili jioni. Hakuna kutoka, hakuna kuzunguka. Ukitoka, hata usiongee jioni, sisi tutajua maneno yako. Ukikaa, tutakusikiza."

Ijumaa, kati ya wanafunzi kumi na wawili walifika watatu, Maureen akiwa mmoja wao. Debra alifika kwa teksi, kofia kichwani, akapewa kibanda cha viazi. Maureen akawekwa kwa muuza vitunguu. Mwololo aliketi kwenye kiti cha Wavinya, kigoda cha mbao alichokiunda mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita na kukisahau. Wavinya alikaa upande wa Njambi, kama mshtakiwa.

Saa moja ikapita. Mwololo alipima ndengu kwa gorogoro, lile kopo la kipimo, akakosea, akapima tena. Saa mbili. Miguu yake ilicheza chini ya meza. Sasa, asubuhi hiyo, kwa kuwa siku ilikuwa nzito, alikuwa amekunywa chai vikombe viwili na chupa nzima ya maji, kama anywavyo kila siku kabla ya safari yake ya Spring Valley, ambapo maji hayo huyatoa kwa jasho njiani. Hapa hakuna njia, hakuna jasho. Saa tatu akaanza kutafuta kwa macho.

"Choo kiko wapi?" alimnong'oneza muuza vitunguu wa kibanda cha jirani.

Mwanamke huyo, jina lake Mama Kitonga, alimtazama, kisha akaanza kucheka pole pole, tumbo likitikisika.

"Mzee, asubuhi ulikunywa nini?"

"Chai. Na maji."

"Maji! Wee! Umekuja soko kunywa maji?" Akamgeukia Maureen. "Umesikia babu yako? Choo iko ng'ambo ya barabara, nyuma ya maduka. Ufunguo iko na Obuya. Obuya hukuja saa nne. Siku ingine saa sita. Siku ingine hakuji. Na ukienda, nani atakuangalilia mali?"

"Sasa nyinyi mnafanyaje?" Maureen aliuliza. Hakuwa na kalamu mkononi.

"Si hatunywi. Kutoka saa kumi ya alfajiri mpaka nifike kwangu, hakuna kitu ya maji inapita hapa." Akajigusa koo. "Saa nane unatafuna kipande ya muhogo. Jioni nyumbani unakunywa kama ng'ombe. Daktari ameniambia figo zangu zimechoka. Nikamwambia, hata mimi."

"Tangu zamani?"

"Zamani jirani yako wa kulia alikuwa anakulindia. Ukienda, anakuuzia, pesa anaweka kwa mkebe yako, unarudi unaipata yote. Hiyo ilikuwa sheria hapa. Halafu vibanda vikaanza kukodishwa, leo huyu, kesho yule. Mtu akakulindia, ukarudi ukapata mkebe mtupu, anakuambia hakukuwa na wateja. Tukaachana nayo. Kila mtu anajilinda."

Mwololo alisikia yote hayo kwa sikio moja. Sikio la pili, na mwili uliobaki, vilikuwa kwingine. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alikuwa amepita mbele ya wanawake hawa kwa miaka thelathini na hakuwahi kujiuliza kwa nini midomo yao ilikuwa mikavu. Alipokuwa akiandika HURUMA kwa herufi kubwa, Wavinya alikuwa ameketi hapa hapa, kwenye kigoda hiki, amefunga koo.

Saa tano. Obuya hakuonekana. Saa sita. Mwololo aliibana gorogoro katikati ya magoti. Jasho lilimtoka, lakini la kipaji cha uso, lisilosaidia. Mbele yake, ng'ambo ya kijia, Njambi alikuwa akimtazama. Kusimama kulikuwa rahisi. Mlango ulikuwa hatua nne. Lakini hatua hizo nne zilikuwa bei ya kibanda cha Wavinya.

Upande wa viazi, mwanamke mmoja alimpa Debra chupa ya soda, baridi, ikitoka jasho. Debra aliipokea. Uso wake ulikuwa mwekundu wa vumbi, kofia imepinda. Akaitazama soda, akawatazama wanawake wa pande zote mbili, kisha akairudisha.

Saa nane na robo mteja alisimama mbele ya Mwololo akauliza mbaazi. Mwololo alijinyoosha kuchota kutoka kwenye gunia la nyuma, na katika kujinyoosha huko mwili ulifanya uamuzi wake bila kumwuliza. Alirudi akaketi haraka. Alihisi joto likiteremka mguuni. Mzee wa miaka sitini na mitatu, mjane, msomi wa B hadi mwisho, mbele ya soko lote. Hakuthubutu kutazama chini. Mteja alikuwa amenyoosha mkono na noti.

Ndipo Wavinya aliposimama kutoka upande wa Njambi. Hakuomba ruhusa. Alichukua jagi la maji ya kuoshea viazi, akavuka kijia akitembea upesi kama mtu mwenye hasira, akafika mezani, akajikwaa.

Hakukuwa na kitu cha kumkwaza pale. Jagi zima likammwagikia Mwololo kuanzia kifuani hadi viatuni.

"Ala! Baba Syokimau, si ungetoa mguu huko!" alifoka kwa sauti iliyofika hadi nje. "Kila mahali ni miguu yako tu! Angalia sasa, umelowa mwili mzima!"

Watu walicheka. Mama Kitonga alipiga makofi. Mwololo alikaa akidondoka maji, na mteja akapokea mbaazi zake akaenda akicheka. Wavinya aliokota jagi, akarudi alikotoka, akaketi. Katika kupita hakumtazama ndugu yake.

Njambi hakucheka. Alikuwa ameona hatua zote za Wavinya, na alijua kwamba saruji ya pale haina jiwe. Akachukua kiazi kingine, akaendelea kukikwaruza.

Saa kumi na mbili jioni kamati ilikusanyika mbele ya mlango. Mwololo aliinuka, suruali imekauka na kukakamaa, tayari kusema. Alikuwa amepanga maneno tangu Jumanne. Njambi akamzuia kwa kiganja.

"Wewe nyamaza. Umekaa." Akageuka kwa wenzake. "Amekaa. Mmeona."

Wakasema wameona.

"Nani ako na ile karatasi?" Njambi akauliza. Maureen akatoa moja mfukoni, imekunjamana. "Andika. Kibanda namba arobaini na nane. Ya Wavinya."

Maureen akaandika juu ya goti lake. "Tatizo kubwa niandike taka, Mama?"

"Taka hutolewa na mkokoteni kila Alhamisi. Nani alikuambia shida yetu ni taka? Andika choo."

Maureen akaandika CHOO. Debra, midomo imepasuka, alikuwa amesimama nyuma yake akisoma begani.

"Na hili neno la juu?" Maureen aliuliza. "Nilikate?"

Njambi akaligusa neno la Mwololo kwa ukucha.

"Liache. Lakini andika kando: si ile ya huko."

Kicheko kikapasuka, cha watu wenye koo kavu. Njambi akaichukua karatasi, akailamba nyuma kwa sababu gundi ilikuwa imekwisha, akaenda akaibandika mwenyewe kwenye nguzo ya kibanda cha ndengu, akaigonga kwa ngumi mara mbili.

"Haya. Hata wewe sasa uko na namba," alimwambia Wavinya. "Kama ni kuhamishwa, tutahamishwa wote. Nenda nyumbani ukunywe maji."

Wavinya alifunika magunia yake. Alipofika mlangoni alimpa Mwololo kitambaa cha kichwani ajifunge kiunoni, akaenda zake.

Huko Spring Valley mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku hizi. Siku ya maonyesho waamuzi walitoa zawadi kwa kundi jingine, lililobuni programu ya simu ya kupiga picha taka. Kundi la Debra lilileta mkebe wa maziwa uliotobolewa tundu la pesa juu, wenye kufuli mbili za kufunguliwa pamoja, ufunguo mmoja wa mwenye kibanda na mwingine wa jirani wa kulia. Mwololo alizichomea kufuli hizo mwenyewe. Mwamuzi mmoja aliuliza uvumbuzi uko wapi. Debra akamjibu kwamba hakuna uvumbuzi, kuna kitu kilichopotea, na waliokipoteza wanajua kilipo. Hakupata alama kwa jibu hilo.

Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, Mwololo alikuwa njiani kuelekea kazini kwa miguu, kama kawaida, akipita mbele ya soko. Akapita mlango. Akaenda hatua kumi. Akarudi.

"Nenda," alimwambia Wavinya.

"Niende wapi?"

"Unajua wapi. Nitauza."

Wavinya alimtazama, akautazama mkebe wenye kufuli mbili juu ya meza, akajifuta mikono kwenye leso, akaondoka akivuka barabara upesi. Mwololo akakalia kigoda. Saa mbili ikafika. Darasa la Spring Valley lingeanza bila yeye. Mteja akamwuliza kama mbaazi za jana zimeisha, akasema hajui, ngoja mwenyewe. Miguu ilikuwa ikicheza chini ya meza, kisigino cha kulia kikipiga saruji kama cherehani. Aliinua shingo akatazama ng'ambo ya barabara. Wavinya alikuwa amesimama mbele ya mlango wa choo, mikono kifuani, akingoja pamoja na wanawake wengine watatu.

Obuya hakuwa amefika.

Mwololo akavuta gunia karibu, akaendelea kuketi.